Kikaratasi Kilichosafiri na Kisanduku cha Picha

Nakumbuka asubuhi moja ya soko hapa Kasongo, mwanangu, nilipofunga mzaha ndani ya kifurushi, nikaupandisha kwenye kamiyo ya mihogo, nikaupungia mkono ufike salama. Ulifika salama. Afadhali kamiyo ingepinduka.

Usicheke kwamba nakuita mwanangu. Najua nina miaka kumi na saba na ndevu tatu, na moja kati ya hizo huenda ni uchafu. Najua pia kwamba ninyi wa kalasi ya kwanza hunizunguka kila mapumziko ili niwaigie mwalimu wa hesabu akipiga chafya. Lakini uzee hauji kwa mvi peke yake. Mimi uliniingia mchana mmoja, nikiwa nimesimama kando ya barabara.

Mjomba wangu, Mwalimu Assani, alikuwa na kisanduku cha picha, cheusi, cha zamani hata wakati huo, alichoachiwa na muzungu mmoja aliyerudi kwao. Jicho moja mbele, kitufe kimoja ubavuni, ngozi imebabuka kila pembe. Tulikiita Bibi. Wapenda picha walikuwa wanne na Bibi alikuwa mmoja: mjomba hapa Kasongo, fundi cherehani Nyangwe, muuguzi Kabambare, na Ramazani, karani katika kambi moja ya dhahabu upande wa Salamabila. Filimu ina picha nane. Kila mmoja alipiga mbili, kisha Bibi akapanda kamiyo kwenda kwa mwenzake, na mwisho akarudi kwa mjomba, aliyeiosha filimu katika chumba cha nyuma, dirisha limezibwa kwa blanketi, kisha akawatumia wote nakala. Watu hawa wanne hawakuwahi kukaa chumba kimoja. Wengi wao walijuana kwa picha tu. Fundi wa Nyangwe alijua watoto wa muuguzi wamefikia kimo gani, na Kabambare hajaikanyaga.

Pamoja na Bibi kilisafiri kikaratasi: namba ya picha, umepiga nini, jua lilikuwa kali au kulikuwa na wingu. Kufunga kifurushi na kuandika zamu zinazofuata ilikuwa kazi yangu. Kumpa fisi bucha, basi.

Ramazani nilimwita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyenifunza kushika kalamu kabla hajaenda kambini. Alifunga vifungo vya shati mpaka shingoni hata kwenye joto la kukaanga mayai. Akiokota sindano njiani, atazunguka mtaa mzima akiuliza mwenyewe ni nani. Ndiyo maana ilinichekesha kumwandikia hivi: “Saba na nane ni zako, yaya. Utie tena dhahabu tumboni mwa Bibi kama mara iliyopita. Ile ya kwanza mjomba ameshaila yote.”

Muuguzi wa Kabambare alikisoma, akacheka peke yake, akakirudisha. Usidhani basi kwamba mzaha ulikuwa mbovu. Ulikuwa mzuri, na ndipo ulipokuwa ubaya wake.

Kambini kule kila kinachoingia na kutoka hupekuliwa. Hata mkate hukatwa vipande. Nililijua hilo. Nani asiyelijua? Mlinzi wa lango hakuweza kusoma, akampelekea mkubwa wake, na mkubwa alijua kusoma.

Siku kadhaa baadaye, dereva wa kamiyo alisimama mbele ya nyumba yetu bila hata kuzima injini.

“Mwalimu, Ramazani wenu iko kwenye munyororo. Walifungua ile sanduku yenu, wakaivuta matumbo yote juani. Dhahabu hakuna.”

“Basi si wamwachie?” nikasema.

“Wamwachie namna gani? Hakuna kwa sababu ilishatoka mara iliyopita. Ndiyo vile karatasi inasema.”

Mjomba alinigeukia. Hakuuliza ni nani.

“We mutoto. Uliandika nini?”

Nilimwambia, neno kwa neno. Ilikuwa mara ya kwanza mzaha wangu kusikika bila mtu kucheka, na mimi mwenyewe nikiwemo.

Mjomba alivaa koti lake la Idi, tukapanda kamiyo. Siku mbili za mavumbi, na njiani kila alipokunywa maji alinipa na mimi. Tuliingia ofisini kwa Bwana Mukubwa wa kambi, mimi mbele. Niliyapanga maneno yangu vizuri: niliandika mimi, ni mzaha, yaya hajui lolote. Mkalimani akayafasiri. Bwana akakichukua kikaratasi, akafasiriwa polepole mstari kwa mstari, akasema neno moja au mawili.

“Bwana anauliza,” mkalimani akasema, “inachekesha wapi?”

“Inachekesha kwa sababu Ramazani si mwizi.”

“Anasema, kama si mwizi, mbona umemwandika mwizi?”

“Ndiyo mzaha wenyewe huo.”

“Anasema, weka kidole. Neno la kucheka ni lipi?”

Nilikitandaza kikaratasi mezani. Nikapitisha kidole mstari wa kwanza, wa pili, nikarudi mwanzo. Mimi ninayemchekesha hata maiti. Nilitafuta, mwanangu, na sikuliona. Wazee wetu husema mzaha mzaha hutumbua usaha, na methali hiyo huitia kila mahali kama chumvi, hata kwenye harusi. Mimi nilidhani ni habari za vidonda.

“Bwana anasema mutoto amefunzwa uongo ili karani aponyoke. Mutoke, kabla jina ya Mwalimu haijaandikwa nayo.”

Tulitoka. Tulikuwa kando ya barabara tukingoja kamiyo, jua la mchana utosini, tuliposikia wafanyakazi wakiitwa wapange mstari uwanjani. Hatukuona kitu, boma lilikuwa juu. Tulisikia askari akihesabu kwa sauti. Mjomba aliniziba masikio kwa mikono yake miwili. Kisha akaiondoa.

“Hapana,” akasema. “Sikia.”

Filimu ina picha nane. Fimbo za ngozi ya kiboko alizopigwa Ramazani zilikuwa nane pia. Baada yake miezi miwili ya mnyororo, na kazi ya ukarani ikaisha.

Bibi tulirudishiwa na muuguzi, aliyemwomba kwa mlinzi. Mlango wa nyuma ulikuwa umevunjwa. Mjomba akaugandisha kwa gundi na kitambaa cheusi, akatia filimu mpya. Ile ya kwanza iliungua yote kwa mwanga, pamoja na picha za watu watatu wasio na hatia.

Ramazani alikuja uani kwetu baada ya sala ya Ijumaa. Nilijificha nyuma ya jiko.

“Iko wapi mwandishi wangu?” akaita. “Atoke na Bibi. Zamu yangu sikuipata.”

Nilitoka. Maneno nilikuwa nayo, nimeyapika miezi miwili.

“Yaya, mimi—”

“Uliniandikia,” akasema, akifungua vifungo kuanzia shingoni, kimoja kimoja, bila haraka. “Nimekuletea jibu.”

Akavua shati, akageukia ukuta, mgongo kwangu.

Sitakueleza nilichokiona. Nitakwambia tu kwamba katika kidirisha cha Bibi kila kitu huonekana kidogo, na bado kilijaa.

“Jua iko nyuma yako?”

“Ndiyo, yaya.”

“Mushike Bibi tumboni. Usitetemeke, foto itaharibika.”

“Natetemeka.”

“Basi ngoja, mikono itulie. Mimi niko na wakati. Kazi sina.”

Nilishika pumzi, nikabonyeza. Mjomba alipoiosha ilitoka safi, safi kuliko zote nilizowahi kupiga. Haikwenda Nyangwe wala Kabambare. Ninayo mimi. Usiulize iko wapi, na ukinipenda usiombe kuiona. Ramazani sasa analima mpunga wa mama yake. Tunasalimiana. Vifungo bado hufunga mpaka shingoni, na sasa nikimwona nayajua yaliyo chini yake.

Kwa hiyo shika haya, mwanangu, hata kama kesho utanikuta naigiza chafya. Mzaha ni chakula cha moto. Huliwa pale pale ulipopikwa, mpishi akiwa amekaa. Ukiutuma mbali unafika bila uso wako, bila sauti yako, na anayefungua kifurushi kwanza si rafiki yako. Kabla hujaandika, jiulize kikaratasi kitapita mikononi mwa nani. Na usimtanie mtu kwa kosa ambalo kule aliko watu hupigwa kwa ajili yake.

Mungu akupe kinywa chenye mlango, na mlango wenye komeo. Akupe marafiki wa mbali, wengi, wanaopenda picha. Na siku watakaporudi kwako, akujalie wakuonyeshe uso.