Kemia ya Sufuria la Mtaa

Sufuria lilichemka bila moto. Naanzia hapo kwa sababu ndipo watu wanaponikatiza kila nikisimulia, wananiambia haiwezekani. Iliwezekana. Nilikuwa uani kwangu, Chumbageni, saa tatu asubuhi, mwiko mkononi. Jiko la mkaa lilikuwa pembeni, hatua nne hivi, limebeba mafuta ya nazi yanapata moto taratibu. Sufuria lenyewe lilikuwa chini mchangani, peke yake. Ndani mlikuwa na maji na kostiki, ile dawa nyeupe ya vipandevipande ya kutengenezea sabuni. Likaanza kunguruma. Halafu likatoa povu la kijivujivu, povu likapanda kama maziwa yanayofurika, na kabla sijarudi nyuma likatema.

Lilinipata mkono wa kushoto kuanzia kiwiko kushuka, shavu, na pembeni ya jicho.

Wenzangu wa kikundi cha sabuni walitawanyika kama kuku walioona mwewe. Mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Mwingine akaja mbio na dawa ya meno, anataka kunipaka jichoni. Wifi yangu, dada wa mume wangu, mwanamke mnene asiyejua kunong'ona, akampiga kikumbo.

"Dawa ya meno jichoni? Hilo jicho limeota meno?"

Akanishika shingo, akaniinamisha chini ya bomba, akafungulia maji mpaka mwisho.

"Niache wifi, nazama!"

"Zama. Ukifa kwa maji nitajua la kumwambia kaka yangu. Ukipofuka sina maneno."

Alinishikilia pale mpaka tangi likaisha. Hospitali daktari alisema jicho limepona kwa sababu ya yale maji, wala si kwa sababu ya kitu kingine. Kwa hiyo leo nina macho mawili, nina wifi mmoja, na nina mkono wenye kovu la kung'aa linalowasha siku za joto. Alhamdulillahi. Lakini kuna mtu sijamalizana naye, na nitamtaja kwa kazi yake, maana jina lake analijua mwenyewe.

Ni mkufunzi wa semina ya ujasiriamali. Alikuja mtaani kwetu kabla ya mfungo, suti ya rangi ya chai ya maziwa, kompyuta mkobani, akatukusanya kwenye ukumbi kutufundisha sabuni ya mche kwa siku mbili. Mchana wa siku ya pili alitugawia karatasi moja kila mtu. Mafuta kiasi hiki, maji kiasi hiki, kostiki kiasi hiki, changanya, koroga. Yeye mwenyewe alikorogea kwenye ndoo ya plastiki. Hakusema kwa nini. Nikanyoosha mkono, maana mimi nimeishia darasa la saba lakini ulimi sikuuacha shuleni.

"Mwalimu, sisi kina mama huku vitu vikubwa tunapikia sufuria la mtaa. Linafaa?"

Akacheka. "Mama, sabuni si pilau. Lakini sufuria nalo chombo. Chombo chochote kikubwa kinafaa."

Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka. Wenzangu wote walisikia. Naomba hilo likumbukwe.

Kwa asiyejua mambo yetu: kila mtaa hapa una masufuria yake makubwa ya shughuli. Harusi, khitma, maulidi, yanatoka kwa mtunzaji, yanapikiwa, yanasuguliwa, yanarudi. Hayana mwenyewe, kwa hiyo kila mtu ni mwenyewe. Mtunzaji wetu ni bibi mmoja ambaye ukirudisha sufuria lina ukoko hata wa punje tatu, atakuletea mlangoni mbele za watu. Mimi nililichukua lile kubwa kuliko yote. Nikatia kostiki kwanza, kisha nikamimina maji juu yake, kama mtu anayetia maji kwenye wali. Hivyo ndivyo mikono yangu inavyojua: kitu kwanza, maji baadaye. Mkono wa pwani umefundishwa na chungu.

Lile sufuria halikufaa tena. Ndani liliota weusi, likaliwa vishimovishimo, ukilielekeza juani unaona nuru upande wa pili. Sijatolewa hata bandeji, mtaa ukaanza. Wengine wakasema nimeingiliwa na jini la maji kwa sababu nilianza kazi bila kusema bismillahi. Uongo, nilisema. Wengine wakasema ni hasidi. Bibi mtunzaji yeye hakusema jini wala hasidi, alisema, "Huyu mkono wake mzito. Asipewe tena chombo cha watu." Ikapita harusi, ikapita khitma, sikuitwa jikoni. Kama hujakaa Chumbageni huwezi kujua adhabu ya kukaa jamvini na wageni wakati wenzako wako nyuma wanapika na kusengenya. Miaka ishirini nimekuwa mtu wa jikoni. Nikawa mgeni.

Lakini kilichonichoma kuliko kostiki ni sauti aliyoituma yule mkufunzi kwenye kundi letu la simu. Watu walimuuliza imekuwaje. Akajibu, kwa sauti ile ya kutafuna maneno: "Yule mama hakufuata maelekezo. Kemia haitaki watu wa darasa la saba."

Niliisikiliza mara tatu. Nikamwambia wifi, "Nipe simu yako, yangu haina bando."

"Unataka kumtukana?"

"Nataka kuijua hiyo kemia."

Wifi akanitazama, akatazama bandeji, akasema, "Basi sogea. Na mimi nataka kuona ina nini mpaka ituogope."

Ndivyo tulivyoanza, wanawake wawili wa makamo, mmoja miwani ya kuazima, mwingine mkono mmoja, tumekaa barazani na sahani ya mabungo ya sukari. Mara ya kwanza niliandika nilivyojua: kwa nini sufuria linachemka bila moto. Mtandao ukaniletea waganga saba. Mmoja amevaa kilemba kikubwa kama mto wa kulalia, anasema atalitoa hilo jini kwa simu, tuma namba yako. Wifi akataka kumpigia amchezee. Nikamkataza.

Tukaandika kostiki na sabuni. Hapo ndipo pana watu! Kuna mwenye muziki mkubwa husikii anachosema. Kuna anayesema ongeza ndimu sabuni iwe laini, mwingine anasema usithubutu. Kuna dada anakoroga kwa mkono mtupu, anacheka. Kuna mmoja alikuwa anasoma karatasi ileile ya mkufunzi wetu, neno kwa neno, hata lile la chombo chochote analisema! Nikajua kumbe mkufunzi naye aliiokota mahali.

Wifi ndiye aliyeweka sheria. Yeye ameuza nguo za mitumba muda mrefu, anamjua mwongo kabla hajafungua mdomo. "Anayekuuzia hakuoneshi tundu," alisema. "Sisi tutafute anayeonesha matundu." Basi tukawa tunapima hivyo. Ukurasa ukikwambia ni rahisi, haina madhara, tuma namba, tunatoka. Ukurasa ukikwambia hapa patakuunguza, hapa ukikosea patatokea hili, na aliyeandika kajitaja ni nani na anafundisha wapi, tunakaa. Tukikuta wawili wasiojuana wanasema jambo lilelile, tunaliamini. Kurasa nzuri nyingi zilikuwa za Kiingereza. Simu ikawa inatutafsiria Kiswahili cha ajabu, kila kitu ni "mwitikio" na "dutu", lakini ukisoma taratibu ukaangalia na picha, linaingia.

Kwenye mojawapo ndipo tulipoliona jedwali la elementi. Mimi nilidhani ni matangazo ya khanga. Vyumba vidogovidogo, rangi rangi, kila chumba kina herufi na namba. Unakigusa kimoja kwa kidole, kinafunguka, kinakuonesha kitu chenyewe kwa picha, kinapatikana wapi, kina tabia gani, kinagombana na nani. Yaani dunia nzima imepangwa kama duka la dawa. Tukaanza kugusa ovyo. Nikamkuta chuma. Nikamkuta shaba, fedha, dhahabu, bati, risasi, zebaki.

"Wifi, hawa nawajua!"

"Kwani nani hawajui? Huyu zebaki si yule wa wachimbaji?"

"Kiberiti huyu hapa. Tumehesabu wanane, na shule hatujaenda."

"Basi sisi ni wakemia," wifi akasema. "Tumekosa suti."

Tulipogusa iodini ikafunguka picha ya mwani. Wifi akaruka. Yeye alilima mwani Kigombe kabla hajaolewa mjini, mgongo wake mpaka leo unamkumbusha. "Miaka yote ile nimeinama majini, hakuna hata mmoja aliyeniambia nimebeba kitu chenye chumba chake humu!" Alifurahi kama mtu aliyeona picha ya nyumba yao kwenye televisheni. Siku nzima akawa anawaambia wapita njia habari za iodini, hata muuza kahawa.

Kisha tukawatafuta wetu. Sufuria zetu ni za aluminiamu, namba kumi na tatu. Ndani ya kostiki mna sodiamu, namba kumi na moja. Wamekaa mstari mmoja, na katikati pengo kubwa, kama ndugu waliogombana wakakutana msibani. Nikamgusa aluminiamu, nikashuka mpaka kwenye tabia zake. Imeandikwa wazi: huliwa na kostiki iliyo majini, hutoa joto na gesi ya hidrojeni. Nikamgusa hidrojeni. Gesi inayoshika moto.

Nikalikumbuka jiko la mkaa, hatua nne. Wifi akasema polepole, na hilo si kawaida yake, "Tungekwenda na ua mzima."

Sikuamini mahali pamoja. Tukatafuta pa pili, tukapata pa tatu, ukurasa wa kufundishia wanafunzi wenye maabara ya kuchezea humohumo kwenye simu. Unavuta chuma kwa kidole, unakitumbukiza kwenye kioevu, unaona. Nikatumbukiza aluminiamu kwenye kostiki. Povu! Nikarudia. Nilililipua lile sufuria la kwenye simu labda mara kumi, kila mara nacheka mpaka machozi, mume wangu akatoka ndani kuuliza tuna nini. Tena kwenye ukurasa huohuo ndiko nilikojifunza kosa langu mwenyewe, na silifichi: maji hutangulia, kostiki ndiyo inayotiwa juu yake, kidogokidogo. Hilo nalo karatasi ya mkufunzi haikulisema.

Nikaenda kwa bibi mtunzaji. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kuchukua nini?"

"Sikuja kuchukua. Nimekuja kukuonesha."

Alinikubalia siku ya khitma ya jirani, wanawake wote wakiwa nyuma wanamenya vitunguu. Nilivaa glavu na miwani ya fundi wa kuchomea. Mbali na mafiga, kwenye kopo la plastiki, nilitia maji, kisha kostiki kijiko kimoja, kisha kipande cha mfuniko wa sufuria uliovunjika. Nikawaambia wakae mbali. Kwanza hakikutokea kitu. Mmoja akasema, "Leo jini halikuja." Halafu kipande kikaanza kutoa mapovu, kikageuka cheusi, kopo likapata joto, mvuke ukapanda. Hakuna moto. Nikachukua kipande cha ndoo ya plastiki nikakitia kwenye kopo jingine lenye dawa ileile. Hakuna kitu.

Bibi akainama kutazama, mikono mgongoni.

"Kwa hiyo ningelitia mimi, lingenifanya vilevile?"

"Vilevile, bibi."

"Na angelitia yeye mwenye suti?"

"Vilevile."

Akajinyoosha. "Haya, mbona umesimama? Wali unamsubiri nani?"

Nikapewa mwiko. Mwiko mrefu, ule wa shughuli. Wifi akapiga kigelegele kama harusi, watu wa msibani barazani wakashangaa, akakemewa, akapiga tena kidogo.

Sabuni tunatengeneza hadi leo. Ndoo ya plastiki, maji kwanza, nje penye upepo, glavu, miwani, jiko mbali. Karatasi yetu sasa ni mpya, tumeiandika wenyewe, na juu kabisa, kwa herufi kubwa, tumeandika: usitie kostiki kwenye aluminiamu.

Sasa wewe mkufunzi. Nilikutumia kwenye kundi picha ya sufuria, picha ya mkono wangu, na ule ukurasa wa namba kumi na tatu. Umeziona, alama za bluu zinasema umeziona. Hukujibu. Nimesikia uko Maramba, umekusanya kina mama wengine, siku mbili, karatasi ileile. Na huko nako wana masufuria ya shughuli, na huko nako kuna wenye macho mawili.

Sitaki pole yako. Nataka usimame mbele yao, kabla mmoja hajafungua mfuko wa kostiki, ujibu haya ninayokuuliza. Siku ile uliyoniambia chombo chochote, ulikuwa unajua? Kama ulikuwa unajua, kwa nini wewe ulishika plastiki ukaniachia mimi aluminiamu? Na kama hukuwa unajua, ni nani aliyekupa ruhusa ya kutufundisha? Jibu. Wanawake wa Maramba wanasikiliza, na mimi niko hapa.