Aliyechoma Ghala la Setla

Juzi nilikuwa bomani Arusha nikingoja kibali cha kahawa, askari wakamleta mzee wa Kimeru aliyechoma ghala la setla wa kizungu. Mlinzi, Mmeru mwenzake, alifia humo.

Karani akamwuliza, “Mzee, kwa nini?”

“Serikali ilipotuhamisha kumpisha setla, askari walichoma nyumba yangu mbele ya macho yangu. Nilitaka mzungu naye aone mali yake ikiungua.”

“Aliona?”

Mzee akainama. “Hakuwepo. Alikuwa Nairobi.”

Mjane wa mlinzi akainuka kwenye benchi. Nilidhani atampiga.

“Shemeji,” akamwambia taratibu, “hata sisi walituchomea siku ile ile. Mume wangu alishika kazi ya ulinzi ili watoto wapate kula.”

Mzee akalia kwa sauti, pingu mikononi.

Mjini wanasema mtu kama yule hana moyo. Natamani ingekuwa kweli.