Diski ya Mwalimu Iliyopotea Tlawi

Mwalimu aliyenifundisha darasa la tano alinipigia simu asubuhi, sauti imemkauka. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa haraka, kisha akasema kompyuta ya ndani imekufa.

Nilielewa mara moja. Tangu alipostaafu alikuwa akikusanya maneno ya Kiiraqw: majina ya nyasi, ya rangi za ng'ombe, ya mvua za kila namna. Aliyaandika katika programu ya zamani ambayo kompyuta za siku hizi haziikubali. Kwa hiyo nilimtengenezea, ndani ya laptopu yake mpya, kompyuta nyingine ya kuigiza, mafundi huiita mashine pepe, yenye mfumo ule wa zamani. Diski ya mashine hiyo haishikiki kwa mkono. Ni faili moja kubwa tu. Ndani ya faili hilo kulikuwa na kazi ya miaka kumi na moja.

Nilichukua bodaboda kutoka Mbulu mjini hadi Tlawi, ukungu ukitupiga usoni. Nilimkuta Mwalimu mbele ya laptopu, ndani ya koti zito, kofia mkononi kama mtu aliye msibani. Niliwasha mashine. Ikakataa, ikasema haioni diski yake. Nikafungua folda: faili dogo la mipangilio lipo, lile kubwa halipo. Nikatazama kwenye pipa la faili zilizofutwa, tupu. Mara mbili nilikuwa nimemwahidi kumwekea nakala, na mara zote mbili nikaahirisha.

Nilimuuliza kama kuna mwingine anayeitumia laptopu. Akasema hakuna. Mkewe, aliyekuwa akituletea makande, akaweka sufuria mezani taratibu.

"Ni mimi," akasema.

Alitueleza kwamba wiki iliyopita alitaka kuweka video za kwaya yao ya kina mama, laptopu ikamwambia imejaa. Akatafuta kilichoijaza, akakuta faili moja nene lenye jina lisilosomeka. Mwalimu alikuwa akimtazama kama mgeni. Hakujua kwamba mkewe anaweza hata kuiwasha. Mama huyo alifundishwa na binti yao wakati wa likizo ya Krismasi.

"Ulilifuta?" Mwalimu akauliza kwa sauti ndogo.

"Nifute kitu nisichokijua? Hata mbegu nisiyoijua huwa siitupi. Nililihamisha."

Akaingia chumbani, akarudi na diski ya nje iliyofungwa kwenye kitenge. Faili lilikuwemo, kamili.

Safari hii sikuthubutu kuligusa kabla ya kulinakili. Tulikula makande huku mstari wa kijani ukitambaa kwenye kioo. Kisha nikaionyesha mashine mahali diski yake ilipo. Ikawaka, ikafika katikati, ikasimama. Ilikuwa imezimika vibaya siku betri ya laptopu ilipoisha, na sasa ilitaka kuikagua diski nzima. Nikairuhusu. Asilimia zilipanda polepole kuliko trekta mlimani. Mwishowe dirisha lile la bluu la zamani likafunguka, na maneno yakashuka kwa mpangilio mpaka la mwisho kabisa.

Mwalimu akacheka, akafuta miwani, akacheka tena. Akampa mkewe mkono, kama alivyokuwa akiwapa wazazi siku ya kufunga shule.

Niliweka nakala mbili palepale, moja nikaitia mfukoni mwangu. Wakati huo mama alikuwa amevuta kiti. Alisoma ukurasa wa mtama, kisha akasema maneno yamepungua: mtama una jina lake unapochipua, lingine unapobeba, na lingine ndege wanapoanza kuushambulia. Mwalimu hakuwa na hata moja. Alibisha kidogo, akashindwa, akampisha kwenye kibodi. Nilipoaga walinijibu bila kugeuka. Mama alikuwa akiandika kwa kidole kimoja, na Mwalimu amesimama nyuma yake akimwonyesha herufi zilipo.