Nyumba Iliyobaki Imesimama

Utotoni mwangu, kwetu Sabaki, pale mto unapoingia baharini, ilisemwa kwamba upepo mkubwa hauji wenyewe. Huitwa. Watu wazima walilisema hilo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyosema kwamba leo mto una matope, nasi watoto tukalipokea hivyo hivyo. Sikuwahi kujiuliza anayeuita ni nani, mpaka ilipokuja tufani ile ya miaka ya themanini na watu wakaanza kumtafuta.

Ilitupiga asubuhi. Mvua ilikuja kwa ubavu, na makuti ya paa letu yakaanza kung'oka moja moja, kisha yote kwa pamoja. Mama alinishika mkono, Baba akambeba mdogo wangu, tukakimbilia kwa Hawe Kadzo. Hawe ndiyo bibi kwa Kigiriama, na kila mtu alimwita hivyo ingawa hakuwa na mjukuu pale kijijini. Mumewe alikuwa amekufa zamani na binti yake wa pekee ameolewa kijiji cha Ganda. Tulimkuta ameukumbatia mlango kwa mwili wake wote ili upepo usiuchukue. Akaufungua kidogo, tukapita. Wakapita na wengine. Tulijaa mle ndani hata pakawa hapana pa kukaa, tukasimama tumeegemeana, na yeye akarudi kuushikilia mlango wake.

Upepo ulipotulia tulitoka nje, na hapakuwa na kijiji. Mto ulikuwa umevunja kingo na kubeba mashamba ya mahindi na migomba, na nyumba zote zilikuwa chini isipokuwa ile tuliyotoka. Siku hizi naielewa sababu. Ilikuwa imejificha nyuma ya kilima cha mchanga, na marehemu mumewe, aliyekuwa fundi, aliijenga kwa boriti za mikoko alizozichimbia chini sana. Lakini siku ile hakuna aliyetazama kilima. Tulitazama nyumba.

Charo, jirani yetu, alipoteza wanawe wawili. Walikuwa wameenda kuwafungua mbuzi maji yalipowakuta. Mmoja alipatikana kwenye matope karibu na mlango wa mto. Mwingine hakuonekana tena. Charo alikuwa mtu mpole, ndiye aliyekuwa akitutengenezea vigari vya makopo sisi watoto wote. Nataka ajulikane hivyo, kwa sababu ndiye aliyeuliza kwanza.

"Kwa nini nyumba yake?" alisema. Hakuwa akimwambia mtu yeyote hasa.

Tulihamia shule ya msingi, iliyokuwa juu kidogo, tukalala madarasani, familia na familia zikitenganishwa na madawati. Serikali ilifika maji yalipopungua. Bwana DO, mkuu wa tarafa, alikuja na Landrova, chifu akiwa ubavuni mwake, askari wakatukalisha chini uwanjani. Alisema serikali inatuonea huruma, akaahidi mabati na mbao za kujengea, nasi tukapiga makofi. Kilichokuja ni lori la mahindi ya njano na mablanketi. Mahindi yale yalinuka ghala, na wanawake walinong'ona kwamba huko yalikotoka hulishwa ng'ombe. Tuliyala. Baraza jingine likaitishwa, ahadi ikawa ile ile, na makofi yakapungua. Watoto wakaanza kuharisha. Hapakuwa na kazi ila kungoja, na watu wanaongoja huzungumza.

Basi swali la Charo likapata majibu. Mmoja alikumbuka kwamba macho ya Hawe ni mekundu, kana kwamba kuna mwanamke kijijini ambaye moshi wa jikoni haukumharibu macho. Mwingine alisema alimwona juu ya kilima cha mchanga jioni ya kuamkia tufani, akitazama baharini. Tena ikasemwa kwamba alitufungulia mlango ili tuwe mashahidi wake. Waliosema haya walikuwamo mle ndani pamoja nasi. Mmoja wao nilikuwa nimeegemea tumbo lake upepo ukivuma.

Chifu alichoshwa na manung'uniko. Kila alipopita aliulizwa habari ya mabati, na habari hakuwa nayo. Watu walipomwomba ruhusa ya kumleta mganga, alikubali upesi. Mabati hakuweza kutupatia, mganga aliweza.

Mganga alikuja mchana na kibuyu chake na usinga. Tulipita mbele yake mmoja mmoja, akitutazama katika bakuli la maji huku akipunga usinga. Alipofika Hawe Kadzo, usinga ukasimama. Sikuona mtu hata mmoja aliyeshangaa. Charo akasogea, akamwambia kwa unyonge kwamba hataki ugomvi, anataka tu kujua watoto wale walimkosea nini.

Hawe alimgeukia.

"Mwanangu Charo," alisema, "mlinikuta nimeushika mlango. Ningekuwa naamrisha upepo, mlango ningeushika wa nini?"

Charo alilia. Lakini nyuma yake vijana walikuwa wameshaokota mawe, na mmoja alisema kwa sauti ya juu kwamba kuna mafuta ya taa. Hapo ndipo askari wa chifu walipoingia kati. Wakampeleka Hawe katika ofisi ya mwalimu mkuu, na chifu akatuma mtu kumwita DO.

Bwana DO alifika kesho yake, amechoka, viatu vimejaa matope. Nayakumbuka maneno yake kwa sababu Baba aliyarudia miaka mingi kila alipotaka kuieleza serikali.

"Serikali haiamini uchawi," alisema, "lakini serikali inataka amani. Mama huyu ataondoka kwa usalama wake."

Hawe akaondoka na lori lililoshusha mahindi, likirudi tupu. Mama peke yake ndiye aliyemsindikiza. Alimfunga blanketi letu mabegani, akamshika kiwiko mpaka akapanda, na wanawake wengine wakageuza nyuso. Siku nzima hakuna aliyesema na Mama. Mimi niliogopa watamgeukia yeye, na nadhani hata yeye aliogopa.

Mabati hayakuja. Mvua za masika zilikuwa zinakaribia na shule ilitaka madarasa yake. Nyumba ya Hawe ilikuwa pale, tupu, boriti zake nzima, milango na fito. Kwa desturi, cha mchawi hakiguswi. Mganga akaitwa tena, akanyunyiza dawa kuta zote, akasema sasa ni safi. Kabla ya magharibi palikuwa na shimo tu mahali kila boriti iliposimama. Baba alileta nne.

Mama alizitazama zimelala uani. "Mti ukinyunyiziwa dawa unakuwa safi," alimwambia. "Na mtu je?"

Baba alichukua jembe. Alianza kuchimba, na Mama, baada ya kitambo, akaenda kumshikia boriti isimame wima. Tulikuwa watoto wadogo na mvua inakuja.

Masika yalipokwisha, Mama alinichukua kwenda Ganda kumwona. Hawe alikuwa kwa bintiye, amekonda, anapukuchua mahindi. Nikamwamkia shikamoo, akanivuta nikae karibu naye. Mama alimweleza yote bila kuficha, hata habari ya boriti zetu nne. Alisikiliza akiendelea na mahindi yake. Kisha akauliza kama watoto wa kijijini wote wamepata pa kulala. Mama akasema ndiyo. Hawe akauliza na Charo je, anakula? Hakuuliza kingine. Alikufa mwaka uliofuata, akazikwa huko huko Ganda.

Nimeishi na jambo hili muda mrefu, na sina hasira nalo tena, nina uchovu tu. Nikisikia leo, huku kwetu Kilifi, kwamba mzee fulani mwenye mvi amefukuzwa kwake au amefanyiwa baya zaidi, sisemi kwamba watu hawa ni wajinga, maana nililelewa nao na walikuwa wema. Nadhani tulikuwa na msiba mkubwa na hatukuwa na wa kumuuliza. Mungu haitwi barazani. Serikali ilikuja, ikaahidi, ikapanda gari. Mto hauna masikio. Hawe Kadzo alikuwa karibu, na alikuwa mtu wa kufungua mlango ukibishwa.