Mfupa wa tilapia ulinikwama kooni mbele ya mama mkwe, ukingoni mwa Nzilo

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi. Kwenye uzi huu siongezi chumvi, ile ya kwenye samaki ilitosha.

Mimi ni fundi wa malori. Jumatano moja nilitoka kutengeneza gari karibu na ziwa Nzilo, njaa inauma, nikaingia kibanda cha samaki pale ukingoni. Miti minne, turubai juu, meza moja. Unakaangiwa tilapia ukiona, unaletewa pamoja na bukari, ndiyo ugali wetu, unakula kwa mkono.

Sasa shikeni hili. Jumamosi ya wiki hiyo wajomba zangu walikuwa wapeleke mahari kwa kina Mujinga, mchumba wangu. Na kwetu Waluba, kijana hali mbele ya mama wa mchumba kabla mahari haijapokelewa. Akionekana anatafuna, wazee wanaweza kurudisha kila kitu. Kwetu hilo si la utani kabisa.

Basi nimejaza mdomo, nasikia mwenye kibanda anaita:

"Mama, karibu, ikala hapa ku meza, nafasi iko!"

Nikainua macho. Mama yake Mujinga na kikapu chake! Kumbe kaja kununua samaki wa shughuli ileile.

Hapo nikafanya ujinga. Badala ya kutema, nikameza lote, samaki na mifupa, halafu nikageuka kumpa mgongo.

Mfupa ukakwama.

Kukohoa aibu, kutema aibu zaidi. Machozi na jasho vinashindana. Niliogopa kufa wakuu, lakini nasema kweli, niliogopa zaidi kumkosa Mujinga.

"Tata, uko muzuri?" mwenye kibanda akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Mwongo mkubwa mimi.

Mara tonge la bukari likatokea pembeni ya bega langu.

"Meza. Usitafune," mama akasema. "Mi niko naangalia mayi."

Nikachungulia. Kweli, alikuwa amenipa mgongo, macho kwenye maji ya ziwa, mkono kaunyoosha nyuma.

Nikameza. Mfupa ukashuka ukinikwaruza njia nzima. (Watu wa afya, najua mtanisema, na mko sahihi. Nyie nendeni hospitali.)

Nilipogeuka alikuwa ameshaondoka na samaki wake, hajaniaga.

Kwa stress niliyokuwa nayo, siku tatu chakula hakikupita. Sikumwambia mtu, hata Mujinga.

Jumamosi ikafika. Kabla ya kupokea mahari, mjomba wa Mujinga akauliza kama ilivyo desturi:

"Nani iko na neno juu ya uyu kijana?"

Mama akanyanyua mkono. Nikahisi ule mfupa umerudi.

"Mi sina neno," akasema. "Mi niliona mayi tu."

Wazee wakatazamana, hawakuelewa kitu, wakapokea mahari.

Nilichojifunza: tilapia haimezwi kwa woga. Na mila ina mlango wa nyuma, mwenye nyumba akikupenda.

Wenye mama mkwe kama wangu jitokezeni. Wenye wakali pia njooni, tupeane pole.