Mchumba Wangu Ndiye Aliyechora Kigari Chetu

Aliyetuandikia yuko Dar es Salaam. Jina lake tunalo na tutabaki nalo wenyewe. Majina ya wenzake ameyabadilisha. Msomeni, kisha mwandikieni kupitia ukurasa huu.

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, mwenyeji wa kusini. Naishi Ilala kwa mama yangu mdogo, ambaye ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Nimeshaposwa, na harusi ni baada ya mfungo. Silii wala sigombani na mtu. Nakula, nalala, naamka. Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu, maana kwa yaliyotokea nilitegemea nihisi kitu.

Mimi na mama mdogo tulikuwa kwenye kikundi cha ushirika cha akina mama wabeba mizigo pale Kariakoo. Malori yakishusha vitunguu na ndizi, sisi tunavipeleka ndani sokoni kwa wauzaji. Tulikuwa tunabeba kichwani. Petroli ilipoanza kuadimika, kiwanda kimoja cha umma kikatengeneza vigari vya betri vya magurudumu matatu. Usiku vinachajiwa kwa umeme, mchana vinabeba magunia bila tone la petroli. Vikagawiwa kwa vikundi na sisi tukapata kimoja. Siku ya kwanza mama mdogo alikifunika khanga yake mpya kama bibi harusi, watu wakacheka, naye akacheka nao. Kijana aliyekuja kutufundisha kukiendesha ndiye mchumba wangu, nitamwita Salehe. Kazi yake kiwandani ni kuchora. Chombo kabla hakijaundwa, yeye hukichora kwenye karatasi, kila chuma na mahali pake.

Kigari kilitufaa kwa mwaka na zaidi. Kisha siku moja kikasimama katikati ya njia na magunia yake. Tukakisukuma hadi mtaa wa Gerezani kwa fundi. Akapimapima, akalala chini akakitazama tumboni kwa muda mrefu.

"Betri hii ina vyumba vingi ndani," akatueleza. "Kilichokufa ni kimoja tu. Ningekitoa nikaweka kingine, mngeondoka nacho leo."

"Basi kitoe, baba," mama mdogo akasema.

"Sina pa kupitia, mama. Sanduku la betri limechomelewa pande zote, halina mfuniko. Tena sanduku lenyewe ndilo uti wa mgongo, limeshika magurudumu yote. Nikilikata, gari linakunjika. Aliyelichora si mjinga, kaokoa chuma kingi sana. Ila hakuweka njia ya kulifungua."

Kiwandani wakatuambia kinatakiwa sanduku zima jipya, betri zake zinatoka nje, fedha za kigeni hakuna, tuwe na subira. Tukarudi kubeba kichwani. Mama mdogo si kijana tena. Asubuhi moja alikuwa anateremka ngazi za kwenda chini sokoni na gunia la vitunguu, mguu ukateleza. Mimi nilikuwa nyuma yake na gunia langu, sikuwa na mkono wa kumshika. Nyonga ikavunjika. Alilazwa, akarudishwa nyumbani, na mpaka leo hasimami bila kushikiliwa.

Salehe hakutukimbia. Akitoka kazini anapitia kwetu, anamletea machungwa, ananisaidia kumgeuza kitandani, na mama mdogo anamwita mwanangu. Jioni moja tumekaa barazani nikamsimulia maneno ya fundi, kama mtu anavyosimulia habari za sokoni. Akasema, "Nililichora mimi."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nilichora mawili," akaendelea. "La kwanza lilikuwa na fremu yake peke yake, na sanduku la betri lenye mfuniko wa boliti, unalifungua hata kwa spana ya baiskeli. Lakini lilikula chuma na kazi mara mbili. Tungetoa magari nusu ya yale. Kikundi chenu kilikuwa cha mwisho kufikiriwa, kisingepata kitu. Nikachora la pili, wakubwa wakalipitisha, na mimi niliwaunga mkono."

"Ulijua betri itakufa?"

"Kila betri hufa."

"Ulijua wakati ule unakuja hapa kunichumbia?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

Akanitazama. "Ningekuambia nini? Kwamba msilipokee?"

Nilitafuta hasira nikaikosa. Nikaingia ndani nikaosha vyombo.

Sasa kiwanda kinataka kutengeneza vigari vingine na Salehe ameambiwa achore. Juzi alikuja na macho mekundu, akaniuliza, "Nichore lipi? Useme wewe, mimi nitakwenda kulitetea." Wiki hiyohiyo walinijia akina mama wa kikundi cha Temeke, wanaobeba kichwani kama sisi. Safari hii wao ndio wa mwisho kugawiwa, likichorwa lile la mfuniko hawapati kitu. Wakaniuliza kama kigari chetu kilikuwa kizuri. Nikawaambia kilikuwa kizuri, maana ni kweli. Nikawaambia na siku kilipokufa hakikufufuka, maana hilo nalo ni kweli. Mmoja wao, mjamzito, akasema, "Dada, hata mwaka mmoja tu nitashukuru."

Mama mdogo hajui nani alikichora. Analala pale akinipangia harusi. Jana kaniuliza nguo yangu iwe ya rangi gani, nikamwambia yoyote. Salehe anasubiri nimjibu, na kila akija nampa chai kama kawaida.

Wenzangu, mliokwisha kuolewa na mliolea, nisaidieni mawazo. Nimwambie mama mdogo, ambaye hana mwana mwingine wa kunisaidia kumgeuza kitandani isipokuwa huyu Salehe? Niolewe nikiwa nimenyamaza? Au nimwache mtu ambaye siwezi hata kumwonyesha ni wapi alipokosea? Na lile gari, nimwambie achore lipi? Nishaurini, nifanye nini?