Karani Aliyejiwekea Chaki Mezani

Saa mbili kasorobo asubuhi, mkono wa kulia wa Jeconia Ajwang umeshaanza kuzunguka. Mbele yake kuna mashine nyeusi ya chuma, ndogo kama mkate wa dukani, yenye mpini pembeni. Anazungusha kwa kasi mpaka kengele iliyomo ndani inalia, anarudisha mzunguko mmoja, anasogeza kitoroli cha tarakimu hatua moja, kisha anaanza tena.

Nje ya dirisha, kati ya safu za mibuni, Zacharia Githinji anapaza sauti. Yeye ndiye msimamizi wa wapimaji, na tangu jua lichomoze amekuwa akining'iniza vikapu kwenye mizani.

"Karani! Safu ya tisa, mti ya nne, ratili sita na nusu. Ya tano, ratili nane. Ya sita imekufa."

"Imekufa tangu lini, Mzee?"

"Tangu mchwa waamue!"

Ajwang anacheka, anachora msalaba mdogo kwenye karatasi na kuendelea. Ana umri wa miaka thelathini na sita, na ni karani wa hesabu katika kituo kimoja cha majaribio ya kahawa hapa Ruiru. Kazi yake ni kuzigeuza ratili za Githinji kuwa jibu: mbegu ipi ipandwe na ipi iachwe. Kwa kazi hiyo hulipwa shilingi mia mbili na ishirini kwa mwezi, pamoja na nyumba ya vyumba viwili anamoishi na mkewe, Aoko, na mapacha wao, Apiyo na Adongo.

Ukimtazama hivyo, na suruali yake iliyopigwa kiraka gotini, hutadhani kwamba mtu huyu mwezi wa Agosti aliwanyamazisha wahadhiri wa hesabu wa chuo kikuu, na kwamba mpaka leo baadhi yao hawajatulia.

"Hii mashine haina akili," anasema, akiipapasa kama mtu anayemsifu punda. "Ukitaka kugawanya, yenyewe inatoa tu. Inatoa, inatoa, mpaka kitu iishe, halafu inalia kengele. Akili ni ya mwenye kuzungusha."

Hilo alijifunza kwa aibu. Wiki yake ya kwanza kazini, mwaka 1946, alisahau kuweka namba ya kugawanyia, ikabaki sifuri. Alizungusha mpini nusu saa nzima, jasho likimtiririka, akingoja kengele. Ukitoa sifuri hakuna kinachopungua, na kengele hailii hata ukizungusha mpaka Krismasi. Makarani wenzake walimcheka hadi mmoja akadondoka kwenye kiti.

Ajwang alizaliwa upande wa Yala na aliacha shule karo ilipokosekana. Alipopata kazi Ruiru alianza kusoma kwa posta, kila Jumapili baada ya kanisa, vitabu vikitoka Uingereza kwa meli. Ilimchukua miaka saba. Cheti chake cha shahada ya hesabu kilifika mwaka 1955 kimekunjwa mara nne, kama barua ya mkwe anayedai ng'ombe.

Lakini kilichompeleka mbele ya maprofesa ni ile misalaba midogo. Katika shamba la majaribio, mti mmoja ukifa, hesabu yote inayumba, kwa sababu mbegu moja sasa ina mashahidi wachache kuliko mwenzake. Kuna njia ya kukisia mti uliokufa ungezaa kiasi gani, kwa kutazama ndugu zake wa mbegu moja na jirani zake wa safu moja. Miti ikifa mingi, makisio hayo humla karani wiki mbili. Ajwang alitafuta njia ya mkato miaka mitatu, na akaipata. Sasa kazi ya wiki mbili huisha kabla ya chai ya saa nne.

"Nilipoiona mara ya kwanza nilitoka nje nikashika ukuta," anasema. "Nilihisi kama kuna mtu ameniachia mlango wazi."

Wakati huohuo, maili kumi na tatu kutoka hapo, chuo kimoja kipya ambacho majengo yake hayajakwisha kilikuwa kimeihifadhi idara yake ya hesabu mjini Thika, katika ghala la zamani la mkonge. Mwezi wa Juni mwaka huu wa 1957 idara hiyo ilitangaza nafasi moja ya mhadhiri msaidizi. Mshahara ni shilingi mia nane, na nyumba ya matofali juu yake. Waliomba watu kumi na mmoja, wakaitwa wawili: kijana aliyerudi kutoka ng'ambo na shahada ya pili, na karani wa Ruiru.

Idara hiyo haiajiri mtu kwa kumkalisha kitini na kumuuliza baba yake ni nani. Mwombaji husimama mbele ya semina ya Jumatano, saa tisa alasiri, na kuthibitisha jambo lake ubaoni. Kila anayeingia, awe mwalimu au mgeni, hupewa mlangoni kipande cha chaki. Mwenye shaka husimama na kukiweka juu ya meza ndogo iliyo mbele. Chaki ikishawekwa, anayezungumza haendi mstari unaofuata mpaka shaka ijibiwe.

"Kuna mtu aliwekewa chaki kumi na nne," anasema Kiilu, mwalimu kijana wa idara hiyo, mzaliwa wa Machakos. "Aliomba maji, akatoka, hakurudi. Kofia yake tuko nayo mpaka leo."

Ajwang alifika kwa baiskeli, na nyuma kwenye kiti cha mizigo alikuwa amempakia Githinji. Siku hizi za Hali ya Hatari Mkikuyu hatoki mahali pake bila pasi, na mzee huyo alikuwa ameomba ya kutoka Ruiru siku hiyo, akapewa, lakini mpaka saa kumi na mbili jioni tu. Alitaka kusikia jinsi miti yake ingesemwa mbele ya watu. Mlangoni naye akatiwa chaki mkononi.

"Ngai!" anasema Githinji, na macho yake bado yanang'aa akisimulia. "Mimi jina langu naweka kwa kidole gumba. Nje huko kila askari anataka kuona karatasi yangu. Lakini hapo ndani nikapewa chaki sawa na Profesa, na nikaambiwa kama sitaki kuamini, nisimame. Mimi! Nisimame!"

Walikuwa watu kumi na wawili. Mkuu wa idara, Profesa Lorimer, Mskoti mrefu mwenye kikohozi, alikaa mbele. Ajwang alianza, na kwa muda wa dakika hamsini hakuna aliyesimama. Mstari ulifuata mstari. Kiilu anasema ilikuwa kama kumtazama fundi akipanga matofali bila uzi na ukuta unasimama wima. Meza ilibaki tupu. Profesa akafunga kalamu yake na kuitia mfukoni, ishara ambayo kila mtu wa idara hiyo anaijua: mtu huyu amepita.

Ilibaki mistari mitatu. Ajwang akaandika kwamba sasa pande zote mbili zigawanywe kwa namba fulani, ile inayotokana na jinsi miti hai ilivyokaa shambani. Hapo mkono wake ukasita.

"Mkono ndiyo ilikataa, si kichwa," anasema. "Kichwa ilikuwa imeshapita hapo mara mia. Lakini mkono imegawanya miaka kumi na moja. Ikaniuliza: na hii ikiwa sifuri, utazungusha mpaka lini?"

Alisimama akiutazama ubao, mgongo kwa watu. Nyuma yake palikuwa na kazi, nyumba ya matofali na shilingi mia nane. Angemaliza mistari mitatu iliyobaki akapigiwa makofi, na huenda miaka ikapita kabla ya mtu kuliona shimo hilo. Yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama ni shimo. Alichokuwa nacho ni shaka.

Akageuka, akatembea mpaka kwenye meza, akaiweka chaki yake.

Hakuna aliyewahi kuona jambo hilo. Profesa alidhani mgeni hajaelewa utaratibu. Akamweleza kwa upole kwamba chaki huwekwa na mwenye shaka.

"Mwenye shaka ni mimi," akasema Ajwang.

Akaazima kipande cha Githinji na kulichora shamba zima ubaoni, kila mti nukta. Kisha akaanza kuiua miti kwa kidole, mmoja mmoja. Alipofika wa ishirini na mbili, miti hai ilikuwa imebaki makundi mawili. Kundi la huku halikuwa na mbegu hata moja ya kundi la kule, wala safu hata moja ya pamoja. Mtu akiuliza ni upande upi wenye mbegu bora, hakuna mti hata mmoja wa kutoa ushahidi kati yao. Katika shamba la namna hiyo, ile namba ya kugawanyia ni sifuri.

"Nimesema njia yangu inafanya kazi katika kila shamba," akawaambia. "Si kweli. Hapa haifanyi."

Kiilu bado anajishangaa. "Karatasi yake nilikuwa nimeisoma mara mbili nyumbani. Mara mbili, bwana! Nilipita juu ya hiyo shimo kama mtu anatembea usingizini."

Kisha viti vikakwaruza sakafu. Profesa alivua koti. Watu wote wakahamia ubaoni, Mskoti, Mhindi, Mkamba, wakisukumana mabega kama watoto kwenye bomba la maji. Mmoja anaua miti huku, mwingine anafufua kule. Wote walitaka kujua jambo moja: vifo vikae vipi ndipo shamba lipasuke? Je, mtu anaweza kutabiri kabla halijapasuka? Kila jibu walilolijaribu, mti mmoja ulilivunja.

Ilipofika saa kumi na nusu, Ajwang akaomba ruhusa. Pasi ya Mzee Githinji ilikuwa inakaribia kwisha, na maili kumi na tatu ni maili kumi na tatu. Akampakia kwenye baiskeli, akawaacha wakuu wa hesabu wakigombania ubao wake.

Nyumbani hakupokewa kwa shangwe. Aoko alisikiliza habari yote akiwa amesimama, mwiko mkononi.

"Yawa! Watu kumi na wawili wamenyamaza," akasema, "na wewe Baba Apiyo unajishtaki mwenyewe?"

Kwa siku mbili alimwekea ugali mezani bila neno. Leo anaikumbuka hasira yake bila kuificha. "Sikuwa na shida na sifuri," anasema. "Shida yangu ilikuwa ile nyumba ya matofali. Nilikuwa nimeshapanga kitanda cha watoto itakaa wapi."

Barua ya idara ilifika wiki iliyopita. Kazi amepewa yule kijana wa ng'ambo. Profesa hakuzungukazunguka: kanuni za chuo zinataka shahada ya pili, na kamati ingeweza kuzipindisha kwa ajili ya uthibitisho uliokamilika, lakini si kwa uliojivunja wenyewe. Aya ya pili ndiyo iliyomfanya Ajwang akae chini. Mwezi wa Januari idara itafungua masomo yake ya kwanza ya shahada ya pili. Nafasi ni tatu, na ya kwanza wamemwekea yeye. Swali la utafiti wameliandika kwa mkono pembeni mwa barua, na ni lilelile walilogombania hadi giza likawafukuza ghalani.

Posho ya mwanafunzi ni shilingi mia moja na sitini kwa mwezi. Akienda Thika, mashine ataiacha na nyumba ya kituo ataiacha. Barua inataka jibu kabla ya mwisho wa Novemba.

Jumapili alasiri, mwandishi wa habari hii alimkuta Ajwang nyumbani kwake, barua ikiwa mezani chini ya sahani. Aoko alikuwa akichagua maharage kwenye ungo. Siku nne nzima walikuwa wameizunguka barua hiyo kama mtu anavyomzunguka mbwa asiyemjua.

"Nionyeshe," Aoko akasema ghafla, akamsogezea ungo.

Ajwang akayapanga maharage kwa safu, akaanza kuyaondoa moja moja, taratibu, mpaka yakabaki mafungu mawili yasiyofikiana. Akaeleza kwamba anayetaka kulinganisha mafungu hayo hana pa kuanzia, na kwamba anachoulizwa ni lini hasa shamba hufika hapo. Aoko akaligusa fungu moja kwa kidole, kisha la pili.

"Na jibu ni nini?"

"Sijui, Mama Apiyo."

"Profesa je?"

"Hajui. Ameandika kwao kuuliza. Wamemjibu kwamba hawajaona mtu aliyejibu."

"Hata Ulaya?"

"Hata Ulaya."

Aoko alijipangusa mikono. Nje, mapacha walikuwa wakifukuzana kati ya kamba za nguo, wakipiga kelele. Aliinua sahani, akaichukua barua asiyoweza kuisoma, akaikunjua na kuinyoosha vizuri kwa kiganja kwenye paja lake.

"Kumbe kuna kitu dunia nzima haijui," akasema polepole, "na iko hapa kwangu, kwa ungo?"

"Iko hapa."

Akampa barua mkononi.

"Basi enda ukaijue. Nyumba tutatafuta."